Mchapuko

Anayechelewa basi huchapua miguu. Kutoka kitenzi hicho fizikia ya Kiswahili imepata "mchapuko", neno ninalolipenda kuliko "kuongeza kasi", ambayo ni maelezo tu, si jina. Litumie hata kwa nuru za rangi zinazowaka usiku kaskazini mwa Norwei. Elektroni zinazowasha nuru hizo haziji moja kwa moja kutoka juani zikaangaza, kama wengi wanavyodhani. Maelfu ya kilometa juu yetu, mawimbi yaitwayo ya Alfvén yanayopita kwenye mistari ya sumaku ya dunia huzikokota kama wimbi la bahari likokotavyo ubao, nazo zikachapuka. Zikigonga oksijeni, kilometa 100 na zaidi kutoka ardhini, anga hugeuka kijani. Mchapuko huo ulithibitishwa mwaka 2021 katika maabara ya chuo kikuu cha UCLA, Marekani.