Fanani Asiyeonekana: Mpiga Ala wa Opera na "Chemirocha" ya Wakipsigis

Utangulizi

Wahakiki wa tamthilia ya kuimbwa aghalabu huanza na maneno, wakaingia katika sauti ya mwimbaji, kisha wakaishia hapo. Mpiga ala hutajwa kwa nadra, na akitajwa huhesabiwa kuwa pambo la kile ambacho tayari kimekwisha kusemwa. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kulinganisha hali mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazina uhusiano: hali ya mwanamuziki wa orkestra anayepigia opera za Ulaya, na hali ya mpiga kinubi wa Kipsigis katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Hoja inayojengwa ni kwamba opera iliuficha mwili wa mpiga ala, na santuri ikaukamilisha ufichaji huo. Nao wimbo mmoja uliorekodiwa Kapkatet mwaka 1950 waweza kusomwa kama jibu la kifasihi kwa hali hiyo.

Kinubi jukwaani, mlio kwingineko

Si ajabu kwamba miongoni mwa opera za mwanzo kabisa zinazoendelea kuchezwa hadi leo ni ile ya Claudio Monteverdi, L'Orfeo, iliyoonyeshwa Mantua mwaka 1607. Mhusika wake mkuu ni mpiga kinubi. Orfeo anashuka kuzimu kumtafuta mkewe, na silaha yake pekee ni wimbo na nyuzi. Hata hivyo, utanzu huu mpya ulizaliwa na kitendawili: kinubi alichokishika mwigizaji jukwaani kilikuwa kimya. Mlio uliosikika wakati Orfeo akimsihi mvushaji wa kuzimu ulitoka kwa watu wengine, waliopiga fidla, kinubi kikubwa na ala za kupuliza. Nota za opera hiyo zilipochapishwa Venice mwaka 1609, ukurasa wa mwanzo uliorodhesha ala zilizohitajika. Watu waliozipiga hawakuorodheshwa.

Utengano huo ulizidi kadiri karne zilivyopita. Orkestra ilihamishiwa mbele ya jukwaa, kisha ikashushwa katika shimo. Mwaka 1876 Richard Wagner alifungua jumba lake la Bayreuth, ambamo shimo hilo lilifunikwa kabisa ili hadhira isimwone mpigaji hata mmoja. Kwa Wagner, kumwona mtu akivuta upinde au akivimbisha mashavu kulikuwa kunaivunja njozi ya jukwaani. Matokeo yake kwa mwanamuziki ni maisha ya pekee. Huketi gizani, taa ndogo ikimulika nota zake. Humtazama kiongozi, si mwimbaji. Na anaweza kuipiga opera moja kwa miaka mingi bila kuiona. Hana budi kuijua pumzi ya mwimbaji asiyemwona: aisubiri anapochelewa, aikimbilie anapoharakisha. Kazi yake hufanikiwa zaidi pale anaposahauliwa.

Mwimbaji na mpigaji katika mwili mmoja

Miongoni mwa Wakipsigis mambo yalikuwa kinyume. Chepkong, kinubi chao chenye bakuli lililowambwa ngozi, mikono miwili na nyuzi chache, kwa kawaida hupigwa na yule yule anayeimba. Fanani wa chepkong ni mwimbaji, ni orkestra, na ni mwongozaji wa orkestra hiyo. Anapotua ili hadhira icheke au iitikie, nyuzi zinaendelea kulishikilia wazo lake. Anaporudi katika maneno, nyuzi hunyenyekea. Hapa hakuna shimo. Hadhira inauona mkono unaofanya kazi, nao mkono huo ni sehemu ya maana ya utungo.

Jamii hii iliingia katika historia ya chai kwa njia ya maumivu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ardhi ya Kericho kwa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani. Mpango huo uliposhindwa, ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Ilipita mikononi mwa kampuni za chai katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi. Mashamba, misheni na maduka vilileta fedha ya mshahara, na vikaleta pia gramafoni.

Miongoni mwa santuri zilizofika huko zilikuwa za Mmarekani Jimmie Rodgers, aliyeanza kurekodi mwaka 1927 na kufariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Wafafanuzi wengi wameshangazwa na jinsi mwimbaji wa kusini mwa Marekani alivyopendwa mbali namna hiyo. Lakini mshangao huo hupungua mtu akikumbuka kwamba rekodi kadhaa za mwanzo za Rodgers ni za mtu mmoja na gitaa lake. Sikio lililolelewa na chepkong lilisikia jambo linalolijua: mwimbaji anayejipigia nyuzi. Lililokuwa geni si usanii wake, bali kwamba mwenyewe hakuonekana.

Mwili uliorudishwa

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyeanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika mwaka 1954, alifika Kapkatet na mitambo yake. Huko alirekodi nyimbo zilizobeba jina "Chemirocha", yaani Jimmie Rodgers katika matamshi ya Kipsigis. Iliyopata umaarufu mkubwa ni ile ya tatu, iliyoongozwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha amefanywa kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, nao wasichana wanamshawishi acheze ngoma ya kuruka kwa nguvu mpaka achomoke katika nguo zake.

Fafanuzi hii ni ya mkusanyaji, si ya wasichana wenyewe, na mhakiki hana budi kuitumia kwa tahadhari. Tracey na wengi waliomfuata waliiona kama kichekesho cha watu wasioielewa mashine. Usomaji huo ni finyu. Wasichana hawa hawasifu sauti ya Chemirocha wala hawashangai inakotoka. Wanamtaka mwili. Wanampa miguu, wanampa ngoma yao wenyewe, wanamwita uwanjani ambako mpigaji huonekana. Kiumbe nusu mtu ndiyo taswira hasa ya fanani wa santuri: yupo kwa sauti, hayupo kwa umbo; nusu iliyopungua inajazwa na ubunifu wa hadhira. Kile ambacho Bayreuth ilikifunika kwa makusudi, wimbo wa Kapkatet unakidai kwa utani.

Kinaya ni kwamba mashine iliyouhifadhi wimbo huo iliwatendea wasichana kama ilivyomtendea Rodgers. Katika kumbukumbu ya rekodi, kiongozi ametajwa kwa jina, ala imetajwa kwa jina, na wengine wote ni "wasichana wa Kipsigis". Ni orodha ya Venice ya mwaka 1609 kwa mara nyingine. Hata chai ya vilima hivyo husafiri hivyo hivyo: hubeba jina la kampuni, wala si la mkono ulioichuma.

Hitimisho

Mwaka 2014 maktaba aliyoianzisha Tracey, kwa kushirikiana na wadau wa muziki kutoka Nairobi, ilizirudisha rekodi hizo kwa Wakipsigis, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa wangali hai. Tendo hilo halikuwa la hisani tu. Lilikuwa tendo la uhakiki. Liliirudishia sauti wenyewe, na likaweka wazi kwamba kumbukumbu isiyo na majina ni matini yenye mapengo.

Somo kwa uhakiki wa fasihi ni bayana. Tamthilia ya kuimbwa, iwe ya Mantua au ya Kapkatet, haiwezi kusomwa kwa maneno yake pekee. Mpiga ala ndiye anayeamua pale neno litakapongoja na pale litakapoanguka, na kwa hiyo ni mtunzi mwenza wa maana. Mhakiki anayemwacha shimoni anaisoma nusu ya matini, naye huenda akadhani kwamba hiyo nusu ndiyo nzima. Wasichana wa Kapkatet hawakulifanya kosa hilo: waliposikia nyuzi, walimtaka mwenye mkono.