Rukwa: Ghala la mahindi, watoto waliodumaa

MKOA wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolilisha taifa. Kila baada ya mavuno, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) hununua mahindi ya wakulima wa nyanda za juu za Ufipa na kuyahifadhi mjini Sumbawanga. Pamoja na neema hiyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulibaini kuwa asilimia 56 ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, kiwango kilichopita cha mkoa mwingine wowote. Mwaka 2022 kiwango hicho kilikuwa bado karibu asilimia 50, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30.

Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake unavyostahili. Maradhi ya mara kwa mara na lishe duni ya mama mjamzito huchangia, lakini sehemu kubwa ya tatizo huanzia kwenye kikombe cha uji.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha aanzishiwe chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Mvua za Ufipa, kuanzia Novemba hadi Aprili, ndizo pia siku za mama kushinda shambani, na hapo ratiba hiyo huyumba kirahisi.

Baada ya miezi sita, mtoto anayenyonya vizuri huhitaji takriban kilokalori 200 kwa siku kutoka katika chakula. Uji mwepesi wenye gramu 5 za unga wa mahindi katika mililita 100 hutoa kilokalori 18 hivi. Ili kutosheka, mtoto angelazimika kunywa zaidi ya lita moja, ilhali tumbo lake hubeba kama robo lita tu kwa mlo. Unga ukiongezwa mara nne, uji huwa mzito asiweze kuumeza.

Suluhisho limo ndani ya nyumba nyingi za Wafipa: kimea cha ulezi, kile kile kinachotumika kupikia pombe. Watafiti Mosha na Svanberg walieleza mwaka 1983 jinsi unga wa nafaka iliyooteshwa unavyovunja wanga na kuulainisha uji mzito. Uji ulioiva huepuliwa na kuachwa upoe kidogo, hutiwa kijiko kidogo cha kimea, hukorogwa hadi ulegee, kisha huchemshwa tena. Kimea kilichoota ukungu hutupwa.

Hata hivyo, kimea hakijengi mwili peke yake. Uji huo huhitaji maharage yaliyopondwa, karanga zilizosagwa au unga wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, mara mbili hadi tatu kwa siku, na mara tatu hadi nne mtoto afikishapo miezi tisa.