Cairo: Hazina Iliyohamahama

Mwaka 1855 mtawala wa Misri, Said Pasha, alitembelewa na Maximilian, ndugu yake mfalme mkuu wa Austria. Mgeni alipendezwa na vitu vya kale vilivyohifadhiwa katika chumba kimoja ndani ya Ngome ya Cairo, na Said akamzawadia vyote. Vikafungwa, vikasafirishwa, na leo vimo Vienna. Huo ndio uliokuwa mwisho wa mkusanyo wa kwanza wa taifa, miaka 20 tu tangu Muhammad Ali apige marufuku, mwaka 1835, kutoa vitu vya kale nje ya nchi.

Cairo ina makumbusho mengi, na foleni za mji huo hazimruhusu mgeni kuyamaliza. Lakini yako manne ambayo, yakifuatwa kwa umri wake badala ya ukubwa wake, yanasimulia kisa kimoja kirefu: mali ya Misri ni ya nani, na nani anayeilinda.

Kisa chenyewe kinaanza na Mfaransa, Auguste Mariette. Alifika Misri mwaka 1850, ametumwa na jumba la Louvre kununua miswada ya Wakopti, yaani Wakristo wa Misri. Miswada hakuipata. Fedha alizopewa akazitumia kuchimba Saqqara, akafukua mahandaki ya Serapeum walimozikwa fahali watakatifu wa Apis, na vitu vingi alivyovipata huko akavipeleka Paris. Mwaka 1858 Said akamfanya mtu huyohuyo kuwa mkuu wa Idara ya Mambo ya Kale. Aliyekuwa mbebaji akawa bawabu.

Akawa bawabu mkali kwelikweli. Mwaka 1859 vibarua wake waligundua jeneza la Malkia Ahhotep karibu na Luxor, naye hayupo. Mkuu wa mkoa wa Qena akawahi kulinyakua, akalifungua, mwili ukatupwa, na vito vya dhahabu akavipakia kwenye chombo kwenda Cairo ili avitoe kama zawadi yake kwa mtawala. Mariette alipopata habari alipanda meli ya mvuke, akakutana na chombo kile katikati ya Nile, akalichukua sanduku kwa vitisho. Said alicheka aliposimuliwa, kisha akakubali kwamba vitu hivyo vinahitaji nyumba. Ndipo mwaka 1863 jumba la makumbusho likafunguliwa Bulaq, katika maghala ya zamani ya kampuni ya usafirishaji, kando ya mto. Miaka minne baadaye vito hivyo vilionyeshwa Paris. Eugénie, mke wa mfalme wa Ufaransa, akavitamani, akamwomba Ismail, mtawala aliyemfuata Said. Ismail akamwelekeza kwa Mariette, na Mariette akakataa.

Mto nao ulidai chake. Mwaka 1878 Nile ilifurika ikaingia Bulaq, na maandishi mengi ya Mariette yakaharibika. Alifariki mwaka 1881, akazikwa hapohapo kwenye jumba lake. Mkusanyo ulipohamia katika kasri la Giza, kaburi lilihama nao. Ulipohamishiwa jengo jipya katikati ya mji, katika uwanja unaoitwa leo Tahrir, likahama tena.

Jengo hilo la Tahrir, lililosanifiwa na Mfaransa Marcel Dourgnon, lilifunguliwa Novemba 1902. Tazama uso wake kabla ya kuingia. Kuna maandishi ya Kilatini, lugha ambayo wapita njia wa Cairo hawakuisoma, na majina ya wataalamu wa Ulaya. Msomi wa Kimisri wa zama hizo hatajwi hata mmoja. Na ndani, wakati huohuo, alikuwamo Ahmed Kamal, Mmisri aliyeorodhesha mawe yenye maandishi na kutunga kamusi ya Kimisri cha kale kwa Kiarabu, majuzuu 22. Mwaka 1923 Kamal alimsihi mkuu wa Idara, Pierre Lacau, awafundishe vijana wa nchi. Lacau akasema Wamisri waliowahi kuonyesha hamu ni wachache mno. Kamal akamuuliza ni nafasi gani walizowapa katika miaka 65 ambayo Wafaransa wameiongoza Idara hiyo. Alifariki mwaka huohuo, kamusi haijachapishwa.

Wakati mafarao wakipata jengo, urithi wa karne za baadaye nao ulikuwa unatafuta pa kukaa. Mwaka 1881 iliundwa kamati ya kuhifadhi majengo ya Kiislamu, na vitu vilivyookolewa kutoka misikiti iliyochakaa vikarundikwa katika Msikiti wa al-Hakim. Mwaka 1903 vilihamia katika jumba la makumbusho la mtaa wa Bab al-Khalq. Huko utaziona taa za kioo za misikiti ya Wamamluki, maandishi yakizizunguka kwa rangi ya buluu na dhahabu. Ali Bahgat, Mmisri wa kwanza kuliongoza jumba hili, alichimba mji wa kale wa Fustat na kutoa vigae kwa maelfu. Miongoni mwa mabaki ya Fustat vimo vyombo vya China, na msomaji wa pwani yetu hatashangaa: vyombo vya China vimefukuliwa Kilwa na Gedi pia.

Jumba la Wakopti lilizaliwa kutokana na mizani ya sonara. Morcos Simaika, mmoja wa wakubwa wa jumuiya hiyo, alimkuta Patriaki Cyril wa Tano akipimisha vyombo vya zamani vya fedha ili viyeyushwe na kufuliwa upya. Simaika akaomba alipe thamani yake, vyombo visalimike. Mwaka 1908 vikawa chanzo cha makumbusho katika mtaa wa Cairo Kongwe. Leo humo ndimo ilimo miswada ya Nag Hammadi, iliyopatikana mwaka 1945.

Novemba 1922 Mwingereza Howard Carter aligundua kaburi la farao Tutankhamun. Misri ilikuwa imepata uhuru wake, japo wa nusunusu, mwezi Februari mwaka huohuo, na serikali mpya ikashikilia kwamba hazina haigawanywi na wachimbaji wa kigeni. Vitu zaidi ya 5,000 vikabaki Misri. Hata hivyo Mmisri wa kwanza kuiongoza Idara ya Mambo ya Kale, Mostafa Amer, alishika kazi mwaka 1953, baada ya mapinduzi yaliyoung'oa ufalme.

Ulinzi ulipojaribiwa, raia nao walisimama. Usiku wa tarehe 28 Januari 2011, katika vurugu za mapinduzi mengine, waporaji waliingia jumba la Tahrir, na wananchi wakashikana mikono kulizunguka. Miaka mitatu baadaye bomu lililolenga makao ya polisi lilivunja vitu vingi vya Bab al-Khalq; jumba lilikarabatiwa likafunguliwa tena mwaka 2017.

Jumba Kuu la Misri, kando ya piramidi za Giza, lilizinduliwa tarehe 1 Novemba 2025. Mkopo wa Japani ulichangia sehemu kubwa ya gharama, na mafundi wa Kimisri walishirikiana na Wajapani kuvikarabati vitu vya Tutankhamun, ambavyo sasa vinaonyeshwa vyote mahali pamoja kwa mara ya kwanza. Mlangoni imesimama sanamu ya farao Ramses wa Pili, tani 83, iliyotolewa mbele ya stesheni ya reli ya Cairo mwaka 2006.

Wageni wengi watakwenda Giza tu, na dhahabu wataiona. Lakini siyo yote: kinyago cha dhahabu cha farao Psusennes, kilichofukuliwa Tanis mwaka 1940 wakati dunia ikishughulika na vita, kimebaki Tahrir. Anayetaka kuelewa aanzie huko. Bustanini, nyuma ya kaburi la Mariette, zimepangwa sanamu za wataalamu, na baadaye iliongezwa ya Ahmed Kamal. Kisha aende Bab al-Khalq, apitie Cairo Kongwe, Giza iwe ya mwisho. Akifika huko atajua kwamba mali hii haikubaki Misri kwa sababu ya sheria pekee. Sheria ilikuwapo tangu 1835. Waliokosekana ni watu wenye elimu, na wenye mamlaka ya kusema hapana.