Ukinzani Geu: Istilahi ya Nyuma ya Amplifaya

Igeuze amplifaya ya besi, ile inayokaa peke yake bila spika ndani. Nyuma yake utakuta matundu mawili ya kuchomeka waya za spika, na chini yake maandishi madogo: 4 Ω. Hiyo alama ni omega, herufi ya Kigiriki. Mafundi wa muziki huisoma "omu", na ndivyo wanavyozitaja spika zenyewe: hii ya omu 8, ile ya omu 4.

Omu ni kipimo tu. Jina limetoka kwa Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyetangaza kanuni yake ya umeme mwaka 1827. Kinachopimwa ndicho kinachokosa jina vinywani mwetu. Kwa umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja bila kugeuka, Kiswahili kina neno zuri, ukinzani, kwa sababu waya hukinza mkondo usipite upendavyo. Lakini umeme unaoingia kwenye spika hugeuka huku na huko. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi, mkondo hugeuka na kurudi mara 41 hivi kila sekunde, na noti za juu huugeuza mara mamia. Koili ya spika hukinza kila noti kwa kiasi chake. Hali hiyo ndiyo Oliver Heaviside wa Uingereza aliyoipa jina la impidansi mwaka 1886.

Mimi naiita ukinzani geu. Mkondo wa namna hiyo tayari tunauita mkondo geu, kwa hiyo jina lina ndugu yake. Zaidi ya hapo, neno "geu" linasema ukweli wa pili: ukinzani wenyewe hubadilika noti kwa noti. Spika iliyoandikwa omu 8 yaweza kupanda kupita omu 30 kwenye noti fulani ya chini, kisha ikashuka karibu na 6. Hiyo 8 ni namba ya kuitambulisha. Ndiyo maana fundi akiweka mita yake kwenye skeli ya omu 200, akagusisha ncha zake kwenye jeki ya spika ya omu 8, husoma 6 au karibu na hapo. Mita hupima kwa betri yake, na betri inaona ukinzani wa koili tu. Spika haina ubovu wowote.

Neno hili linahitajika sana Bariadi, mkoani Simiyu. Mkoa huo, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ni nchi ya uwanda na pamba, na shughuli zake kubwa hufanyika nje. Viwanja vya Nyakabindi hapo Bariadi, vilivyobeba maonyesho ya kitaifa ya wakulima ya Nane Nane mwaka 2018, havina ukuta wa kurudisha sauti, na besi husikika dhaifu kuliko ndani ya jengo. Halafu kuna desturi ya Wasukuma ya mashindano ya ngoma kati ya vyama viwili: Bagika upande huu, Bagalu upande ule, wote wakicheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Penye desturi hiyo, mpiga besi mwenye spika moja ataazima ya pili, na akipata ya tatu hataiacha.

Hapo ndipo hesabu inapowageuka watu. Wengi hudhani spika mbili za omu 8 zinafanya omu 16. La. Yale matundu mawili ya nyuma yameungwa sambamba kwa ndani, na kwa muungano sambamba ukinzani geu hupungua. Fikiria ghala la chama cha msingi cha ushirika wakati wa kupokea pamba: ukifungua mlango wa pili, magunia hayazuiliki zaidi, yanapita kwa wepesi. Kila spika ni mlango mwingine wa mkondo. Mbili za omu 8 huwa omu 4, tatu huwa 2.67. Kwa spika mbili zisizolingana, zidisha omu zake, kisha gawanya kwa jumla yake: 8 na 4 ni 32 kwa 12, yaani 2.67 tena.

Kwa hiyo namba ndogo ni mzigo mzito. Amplifaya iliyoandikwa omu 4 ikilazimishwa kwenye 2.67 hutoa mkondo kupita uwezo wake. Hupata moto, taa nyekundu ya kinga huwaka, muziki hukatika katikati ya wimbo. Isiyo na kinga nzuri huunguza transista zake. Zile za kale za taa za kioo zina sharti jingine: kuziwasha na kuzipiga bila spika yoyote ni kuhatarisha transfoma ya kutolea sauti.

Kuna kosa lingine, na hili linatokana na macho. Ukitoa waya kwenye amplifaya hadi boksi la kwanza la spika, kisha ukatoa mwingine kutoka boksi hilo hadi la pili, unaona foleni, na ulimi unakimbilia kusema "mfululizo". Lakini tundu la pili la boksi limeungwa na la kwanza moja kwa moja, kwa hiyo huo nao ni muungano sambamba. Mfululizo wa kweli ni mkondo kupita koili ya kwanza yote ndipo uingie ya pili, na huo huundwa ndani ya boksi kwa kulehemu waya kwa risasi. Ningependa wanaofundisha istilahi hizi waanzie kwenye njia ya mkondo, waache umbo la waya.

Tena, katika muungano sambamba, spika ya omu 4 ikipigwa pamoja na ya omu 8, ya kwanza hula theluthi mbili za nguvu. Kama ndiyo dhaifu, ndiyo itakayokufa.

Mafundi wanaochonga maboksi ya spika kwa mbao wangeweza kuliingiza neno hili kazini kesho: mstari mmoja wa rangi nyuma ya kila boksi, "ukinzani geu: omu 8". Maboksi haya huuzwa na kuazimwa kutoka Bariadi hadi Maswa na Meatu, na mpigaji anayepokea moja usiku uwanjani, jenereta ikiwa imeshawashwa, hana muda wa kulifungua aangalie spika ya ndani.