Kimbunga cha 1872 na Swali la Bahati katika Utajiri

Mtu akifanikiwa katika uwekezaji, jamii yetu hugawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza husema ana nyota njema; ya pili husema ana akili ya biashara. Historia ya karafuu ya Zanzibar inazitaka kambi zote mbili zifikiri upya.

Kilimo cha mikarafuu kilienea Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, hasa chini ya Seyyid Said bin Sultan. Waliotangulia kupanda walivuna faida kubwa, kwa kuwa zao lilikuwa adimu katika soko la dunia. Wengi wakawafuata. Kufikia miaka ya 1840 karafuu zilikuwa nyingi kupita mahitaji na bei ikaporomoka. Mti ulikuwa uleule, na ardhi ileile. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Kwa hiyo mwenye shamba huamua leo, akauza katika soko asiloweza kuliona.

Kisha, Aprili 1872, kimbunga kikaipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Karafuu zikaadimika, bei ikapanda, na Pemba ikashika nafasi ya kwanza katika uzalishaji. Je, wenye mashamba wa Unguja walikuwa wajinga usiku mmoja tu, na wa Pemba wakawa mahodari asubuhi yake? La hasha. Upepo haukuuliza nani ana maarifa.

Hata hivyo, maarifa yalikuwa na nafasi yake. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliokuwa Mjini hawakutegemea shamba moja. Walikopesha, waliagiza nguo, waliuza pembe za ndovu, na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha kwa miongo kadhaa. Hasara ya upande mmoja iliweza kufidiwa na upande mwingine. Huo ni ustadi. Lakini tukumbuke kwamba kukodishwa forodha kulihitaji pia ridhaa ya Sultani.

Lipo jambo la tatu ambalo kambi zote mbili hulinyamazia. Karafuu hizo zilichumwa na watumwa. Faida iliyoitwa matunda ya akili, au riziki ya Mungu, ilitokana na hesabu isiyokuwa na safu ya mishahara. Mwaka 1873 biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku, na mwaka 1897 hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja na Pemba. Wenye mashamba wengi, ambao tayari walikuwa na madeni, walizidi kuyumba.

Wahenga walisema: bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Afisa anayebuni mpango wa mikopo kwa kumwiga tajiri mmoja anaulala mlango wazi. Kabla ya kumsifu aliyefanikiwa au kumlaumu aliyeanguka, tuulize maswali matatu: ni kipi kilicholetwa na upepo? Ni kipi kilichotokana na uamuzi wake? Na gharama yake ililipwa na nani? Sera inayopuuza swali la tatu humtuza mwenye nguvu, kisha ikamwambia maskini kwamba hakujituma.