Bunduki za Uhehe: kutoka baruti nyeusi hadi SAR

Kila bunduki ni chombo cha kuzuia mlipuko. Baruti inapowaka hugeuka gesi, gesi hutafuta pa kutokea, na kazi ya fundi ni kuhakikisha kwamba inatokea mbele, ikiisukuma risasi, wala hairudi usoni mwa mpigaji. Katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, ufundi huo ulipita karibu ngazi zake zote ndani ya vizazi vichache. Ulianza na gobore la misafara ya pwani na kufikia bunduki inayojipakia yenyewe.

Gobore lilishindiliwa baruti nyeusi kupitia mdomo wa mtutu. Baruti hiyo huungua kwa moshi mwingi na shinikizo lake ni dogo, kwa hiyo chuma cha kawaida kiliweza kulistahimili. Magobore yalifika Uhehe, nchi ya Wahehe, pamoja na biashara ya pembe za ndovu, lakini jeshi lililojengwa na mtawala Munyigumba na kurithiwa na mwanawe Mkwawa liliendelea kutegemea mkuki na ngao.

Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi hilo lilikutana na bunduki za kiwandani huko Lugalo, si mbali na Ilula, karibu na inapopita sasa barabara kuu ya Iringa hadi Morogoro. Mjerumani Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo na wenyeji, aliongoza askari zaidi ya 300 pamoja na wapagazi, mizinga midogo na bombomu za Maxim. Askari walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, iliyotumia risasi nene ya milimita 11 ndani ya ganda la shaba. Ganda lilikuwa hatua kubwa, kwa sababu hutanuka wakati wa mlipuko na kuziba chemba, gesi isivuje nyuma. Hata hivyo, bunduki hiyo ilipakiwa risasi moja tu kwa wakati. Msafara ulikuwa umejipanga mstari mrefu njiani, Wahehe waliruka kutoka vichakani wakiwa karibu mno, na askari wengi hawakupata nafasi ya kupakia mara ya pili. Zelewski aliuawa, na Wazungu wengine tisa pamoja naye.

Wahehe waliondoka na bunduki takriban 300. Ushindi huo haukugeuka nguvu ya kudumu ya silaha, na sababu yake ni ya kiufundi kuliko inavyosimuliwa mara nyingi. Mhunzi aliyeweza kufua jembe na mkuki hakuwa na mashine ya kukanyaga ganda la shaba wala kemikali za kutengeneza fataki yake. Bunduki ya ganda isiyo na kiwanda nyuma yake huisha thamani pamoja na risasi ya mwisho. Kalenga, makao makuu ya Mkwawa, iliangukia mikononi mwa Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na Mkwawa akajiua mwaka 1898 huko Mlambalasi.

Wakati huo Ulaya ilikuwa imeshaiacha baruti nyeusi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyotoa moshi, inayotoa nguvu kubwa zaidi kwa uzito uleule. Risasi ikawa nyembamba na ya kasi zaidi. Ile ya Mauser ya 1871 ilitoka kwa takriban mita 430 kwa sekunde, ilhali risasi iliyochongoka ya Mauser ya 1898 ilikaribia mita 880. Gharama yake ilikuwa shinikizo, na fundi alilazimika kutumia chuma bora na komeo lenye meno yanayojifunga nyuma ya chemba. Katika Mauser ya 1898 meno makubwa mawili yalikaa mbele, na la tatu nyuma kwa usalama.

Askari wa Kijerumani Afrika Mashariki hawakupata faida hiyo mapema. Vita vilipoanza mwaka 1914 kombania nyingi zilikuwa bado na bunduki ya 1871, na wingu la moshi lilimwonyesha adui kila askari alipojificha. Meli Rubens ilileta bunduki za kisasa yapata 1,800 mwezi Aprili 1915. Majeshi ya Uingereza ya Jenerali Northey yalipoingia Iringa tarehe 29 Agosti 1916, yalikuwa na bunduki za Kiingereza za .303, zenye baruti isiyo na moshi.

Bunduki zote hizo zilifunguliwa kwa mkono, na mkono wa binadamu una faida moja kubwa: huchelewa. Risasi hupita mtutu wote kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mpigaji anapolishika komeo, shinikizo limeshaisha zamani. Bunduki inayojipakia hufungua komeo lake yenyewe kwa nguvu ya mlipuko uleule, na hapo ndipo ugumu ulipo. Komeo likifunguka mapema mno, ganda bado limebanwa ukutani mwa chemba. Hupasuka, au kitako chake hung'olewa na ganda kubaki ndani. Likikosa nguvu, ganda haliruki nje na bunduki hukwama. Nguvu nayo haibaki ileile, kwani baruti iliyopata joto husukuma zaidi, na uchafu hupunguza mwendo wa vyuma.

Maxim, mbunifu wa bombomu ya jina lake, alikuwa ametatua tatizo hilo mwaka 1884 kwa kuuacha mtutu urudi nyuma pamoja na komeo, vikiwa vimefungana, kabla havijaachana. Dawa hiyo ilifaa bombomu nzito, lakini askari wa miguu alihitaji kitu chepesi. Mbelgiji Dieudonné Saive, katika FAL ya kiwanda cha FN, alihifadhi risasi yenye nguvu kamili, akaweka kidhibiti cha kuongeza au kupunguza gesi, na kukubali bunduki inayozidi kilo 4. G3 ya Wajerumani, iliyozoeleka Kenya, hutumia vigololi viwili vinavyochelewesha komeo. Chemba yake imechongwa mifereji ili gesi ipenye kulizunguka ganda na kulilegeza.

Mrusi Sergei Simonov alipitia njia ya tatu, baada ya bunduki yake ya 1936, iliyotumia risasi ndefu ya jeshi, kukosa uimara. Mwaka 1945 alitoa SKS, iliyojengwa kwa risasi fupi ya milimita 7.62 iliyosanifiwa mwaka 1943. Kilichopunguzwa hasa ni kiasi cha baruti na msukumo. Shinikizo lenyewe bado linaruhusiwa kufikia takriban mara 3,500 ya lile la hewa. Ganda lake limechongoka kuelekea mdomoni, hivyo huachia chemba kwa urahisi. Gesi hutobolewa njia juu ya mtutu na kusukuma pistoni. Pistoni hugonga kibebeo cha komeo, na kibebeo husafiri kidogo bila kufungua chochote. Mwendo huo mfupi ndio unaonunua muda. Risasi huwa imeshatoka na shinikizo kushuka ndipo kitako cha komeo kinyanyuliwe kutoka kwenye ngazi yake ya chuma. Katika usanifu wote uliotajwa hapa, huu ndio wenye busara zaidi kwa askari aliye mbali na karakana.

China iliinakili SKS mwaka 1956, na kwa njia hiyo ikafika Tanzania. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 jeshi lililorithiwa kutoka ukoloni lilivunjwa, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa tarehe 1 Septemba, na kambi ya Colito jijini Dar es Salaam ikapewa jina la Lugalo. Silaha na wakufunzi wa Kichina vilifuata. SKS ikajulikana kama SAR, na ndugu yake AK, inayotumia risasi ileile, ikaitwa SMG. Katika miaka ya 1970 wapiganaji wa ZANU kutoka Zimbabwe walifunzwa kwenye kambi ya Mgagao, katika milima ya Kilolo, na SKS ilikuwa miongoni mwa silaha walizokwenda nazo vitani.

SMG, yenye komeo la kuzunguka na magazini ya risasi 30, iliipita SAR yenye risasi 10. Upande wa risasi zenyewe, Shirika la Mzinga liliundwa mwaka 1974 mjini Morogoro, na kazi ya kuzitengeneza ikaanza kufanyika ndani ya nchi.