Watoto wa Bonde la Ufa na Majeraha ya Hofu



Sisi wa Kamere, ukingoni mwa Ziwa Naivasha, tu watu wa makabila mengi tulioletwa hapa na mashamba ya maua na uvuvi. Zitokeapo fujo, twahesabu nyumba na mali zilizopotea. Hasara iliyomo moyoni mwa mtoto hatuihesabu. Kwa hiyo twaona vema kueleza mambo yaliyowapata watoto wa bonde hili mara mbili.

Mara ya kwanza ni siku za Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Maelfu ya Wakikuyu waliokuwa maskwota katika mashamba ya walowezi walirudishwa kwa nguvu Mkoa wa Kati, pamoja na watoto waliozaliwa huku wala hawakuijua nchi nyingine. Tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha. Wazazi wengi walitiwa kizuizini. Mwaka 1955 kilianzishwa Chama cha Ustawi wa Watoto cha Kenya, na mwaka 1959 kituo cha Starehe, Nairobi. Hivyo baadhi ya watoto wakapata chakula, malazi na darasa. Lakini katika nyumba nyingi hofu yenyewe haikutajwa. Wazee walinyamaza, na watoto wakajifunza kunyamaza.

Mara ya pili ni Januari 2008, baada ya uchaguzi. Kwa hesabu ya Tume ya Jaji Waki, watu 1,133 walikufa nchini. Tarehe 27 Januari, mjini Naivasha, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Familia zilikimbilia kituo cha polisi, na watoto waliyaona mambo yanayomshinda hata mtu mzima.

Mtoto mwenye kiwewe si lazima alie. Hushtuka usingizini, hukojoa kitandani ilhali alikwisha acha, hujitenga, au huwapiga wenziwe. Darasani hasikii, kwa kuwa mwili wake ungali unangoja hatari. Mzazi akidhani ni utundu humchapa, naye huongeza hofu juu ya hofu. Viboko shuleni vilikatazwa mwaka 2001, na Katiba ya 2010 yamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kila namna.

Dawa ya kwanza haihitaji fedha. Mtoto apate mtu mzima mmoja aliye imara, wa kumsikiliza bila kumlazimisha kusema. Ale, alale na kwenda shule kwa saa zile zile kila siku. Hofu ikizidi, apelekwe hospitali, au ipigwe simu ya bure namba 116.

Na kinga ni hii: tusiseme mbele ya watoto kwamba jirani fulani si mwenzetu. Fujo za 2008 zilitanguliwa na maneno kama hayo. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nasi twaongeza kwamba kumkunja si kumvunja.